Prosesa au Miwani

Laptop mbili ziliwekwa kwenye kaunta, na mtu asiyejua angesema ni pacha. Rangi ilikuwa moja, kijivu cha sufuria iliyosuguliwa sana. Hata mikwaruzo ilifanana, maana zote mbili zilikuwa zimetumika kwingine kabla ya kufika hapo. Mama aliziinamia. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Haikusaidia. Miwani yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, mkono mmoja umefungwa kwa uzi mweusi, na macho iliyotengenezewa yalikuwa chini ya udongo tangu miezi saba iliyopita.

"Mimi naona kitu kimoja kimewekwa mara mbili," alisema. "Tofauti iko wapi, mwanangu?"

Muuza kompyuta aliitwa Daktari na mtaa mzima, kwa sababu alivaa koti jeupe kila alipofungua mashine ya mtu. Walipokuwa wakiingia, Mama alijikwaa kwenye ngazi ya mlangoni, na Daktari akasema pole bila kuinua kichwa. Sasa alikuwa amekiinua.

"Tofauti iko ndani, mama. Prosesa."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo ubongo wake. Wewe nasikia ni fundi cherehani?"

"Nashona."

"Basi hii ya kushoto ina mafundi wawili ndani. Hii ya kulia ina wanne, tena vijana. Kazi ni ileile, kitambaa ni kilekile, ila hawa wanne wanamaliza mapema."

"Na hawagombanii mkasi?"

Daktari alicheka. Binti, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake akiwa ameikumbatia laptop ya zamani kwenye mkoba, hakucheka. Alikuwa anatazama karatasi mbili zilizobandikwa kwenye vifuniko. Ya kushoto laki tano na nusu. Ya kulia laki saba.

Laki moja na nusu. Ndani ya mkoba wa Mama mlikuwa na bahasha ya kliniki ya macho, na ndani ya bahasha karatasi ya vipimo vyake, na chini ya vipimo bei ya miwani. Laki moja na nusu. Mama hakuhitaji kuisoma, na hata angehitaji asingeweza.

"Hiyo mnayotumia ina tatizo gani?" Daktari aliuliza.

"Imekuwa nzito," binti alisema. "Mimi nahariri video za harusi. Asubuhi nikifanya kazi inakwenda. Mchana nikishaiachia itoe video nzima, inalala. Zamani ilikuwa saa tatu tu. Siku hizi naweza kuikuta alfajiri bado inahangaika."

"Inapata joto?"

"Mchana kila kitu kinapata joto."

"Basi ni prosesa hiyo. Imezeeka."

Kabla hajaendelea aliingia mwanamume mwenye funguo za gari mkononi, akataka chaja. Daktari alizisukuma laptop mbili kwa kiwiko, moja ikapanda juu ya nyingine, akapata nafasi ya kutandaza chaja zake. Mama alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka akajikuta amesimama karibu na ndoo ya takataka. Walingoja. Mwenye gari alichagua polepole, akaomba apunguziwe, akapunguziwa.

"Tutakuja kesho," binti alisema.

"Kesho njooni," Daktari alisema, akihesabu noti za yule mtu. "Ila siwezi kuahidi kama zitakuwepo."

* * *

Walikuwa na chumba kimoja sasa. Zamani vilikuwa viwili: kimoja cha cherehani, kingine cha kazi ya baba, alikokaa na laptop yake mbele ya feni, akingoja video itoke huku anapiga miluzi. Baada ya maziko walirudisha kimoja kwa mwenye nyumba. Kitanda kikawekwa nyuma ya pazia, cherehani ikawekwa dirishani, na meza ya laptop ikabanwa kando ya cherehani. Feni iliuzwa.

Mama hakuwa mtu wa kuacha kitu wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, chupa ya chai ilikuwa na chake, migongo ya viti ilikuwa na vyake. Kitu kisichofunikwa, kwake yeye, kilikuwa uchi. Na chumba kile kilihitaji kufunikwa kweli, kwa sababu alishona sare za shule, na kitambaa kikikatwa hutoa vumbi lake, nyuzinyuzi laini zinazoelea hewani na kutua kwenye kila kitu, hata kwenye chai.

Mjomba alipita jioni akitoka kazini, na sare yake ya ulinzi mwilini. Alikuta simu imewekwa mezani, sauti imefunguliwa, na mwenye studio aliyempa binti kazi za harusi anazungumza.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe," Bosi wa studio alikuwa anasema. "Marehemu baba yako alikuwa mtu wangu. Lakini mtu ameoa Jumamosi, Jumatano ananiuliza video iko wapi, mimi nimwambie nini? Mara ya kwanza nilisema kuna msiba. Mara ya pili nikasema kuna msiba. Msiba nao una mwisho wake."

"Ni kweli, Bosi."

"Ya Jumamosi hii nataka Jumatatu, saa kumi na moja jioni, kabla sijafunga. Ikichelewa usije. Kuna vijana wananipigia simu kila siku, na wana mashine zao."

"Nimesikia."

Simu ilikatwa. Mama aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Msiba una mwisho," alisema. "Angetuambia ni tarehe ngapi, tujiandae."

Mjomba alivua kofia, akakaa kitandani. Alielezwa habari za laptop mbili. Alisikiliza kwa makini sana, kama anavyosikiliza wageni getini.

"Chukueni yenye prosesa kubwa," alisema. "Pale kazini kwetu hata msichana wa mapokezi anatumia kubwa."

"Mjomba, wewe unaijua prosesa?" binti aliuliza.

"Nazilinda usiku kucha, nitakosaje kuzijua?"

Mama alicheka kidogo, kwa pua. Kisha akatoa kopo la akiba na kulimwaga juu ya kitanda. Hesabu haikuwa ndefu. Akiba ya laptop ilikuwa laki nne na nusu. Daktari alikwisha kusema kwamba laptop ya zamani angeipokea kwa laki moja. Zikijumlishwa, zilitosha ile ya mafundi wawili, kamili, bila chenji. Ile ya mafundi wanne ilihitaji na pesa za bahasha ya kliniki, ambayo Mama aliijaza kidogokidogo tangu siku aliposhona zipu ya sketi kichwa chini.

"Tunachukua ya wawili," binti alisema. "Inatosha. Miwani kwanza."

"Ikishindwa je?"

"Haitashindwa."

"Hata hii tulisema haitashindwa. Ukikosa kazi ya studio, sisi tutakula nini? Sare zinashonwa mwezi mmoja kwa mwaka. Kazi yako ndiyo kodi."

"Na uzi ukikatika mchana, nani atakutungia sindano?"

"Nitakungoja urudi."

"Mama, wiki iliyopita umeweka mfuko wa shati kwa ndani."

"Na mwenye shati amecheka. Hakufa."

Binti alimtazama mjomba wake amsaidie. Mjomba aligeuza kofia mikononi.

"Wahenga walisema rahisi ni ghali," alisema.

"Na ghali yenyewe?" Mama aliuliza.

"Ghali ni ghali tu, dada. Hiyo hawakuhangaika nayo."

Kisha Mama alichukua bahasha ya kliniki, akatoa karatasi ya vipimo akaikunja ndogo, akairudisha kwenye mkoba. Bahasha yenyewe, pamoja na kilichokuwemo, aliiweka juu ya akiba ya laptop.

"Mimi nimekwisha kuona mengi," alisema. "Miwani itangoja. Bosi hangoji."

* * *

Kesho yake Daktari aliipokea laptop ya zamani kwa mkono mmoja. Aliifungua, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye vibonye. Herufi A ilikuwa imefutika kabisa kwa kidole cha marehemu.

"Hii ni ya kukata spea tu," alisema. "Hiyo laki moja nawapa kwa heshima ya mzee."

"Tunashukuru," Mama alisema.

Aliomba aishike mara moja zaidi. Daktari alimwachia. Mama aliifuta kifuniko kwa kiganja, kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya kumpeleka shule, akairudisha kaunta. Kisha akatoa noti. Zilikuwa ndogondogo, na Daktari akazihesabu mara mbili mbele ya wateja wengine, ya pili kwa sauti.

Siku mbili zilizofuata Mama alifuma kitambaa kipya, cheupe, kwa ajili ya laptop mpya. Cha zamani kilikuwa kidogo kwake. Alifuma bila kutazama, akihesabu kwa vidole, na pembe moja ikatoka ndefu kuliko nyingine. Aliishika karibu na dirisha, akaivuta, akaiacha hivyo.

* * *

Kadi ya kamera yenye picha za harusi ililetwa Jumapili asubuhi. Binti alikata na kuunga siku nzima, na Jumatatu kabla ya saa sita kazi ilikuwa tayari, imebaki kutolewa. Alibonyeza. Mashine ilifikiri kidogo, kisha ikaandika: saa mbili na dakika tano.

"Saa mbili!" alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ilipanda. "Mama, saa mbili tu. Saa nane na nusu imekwisha."

"Hao mafundi wanne wamekula kiamsha kinywa," Mama alisema.

Binti alitunga sindano tatu za akiba, akazichomeka kwenye mto wa sindano kwa mstari, na ya cherehani akaitunga pia. Kisha akaenda kwenye kibarua chake cha mchana, katika duka la kutoa nakala, ambako kwa kawaida alitoka saa kumi. Siku hiyo wino uliisha saa nane, na mwenye duka, ambaye hakupenda kumlipa mtu kwa kukaa, akamwambia aende nyumbani.

Alifika saa tisa kasoro. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameinama kwenye cherehani, pua karibu iguse kitambaa, na hakumsikia akiingia. Vumbi la kitambaa cha bluu lilielea kwenye mwanga wa dirishani.

Juu ya meza, mahali pa laptop, palikuwa na kitambaa cheupe. Kilitandazwa vizuri, kimeshuka pande zote nne, pembe ile ndefu ikining'inia. Chini yake kulikuwa na sauti kama ya nyuki ndani ya chupa.

Binti alikinyanyua. Joto lilimpiga usoni. Aligusa ubavu wa mashine akaondoa mkono haraka. Kwenye kioo paliandikwa asilimia thelathini na tisa, na chini yake: saa nne na dakika hamsini.

Alisimama hapo, kitambaa mkononi. Alikumbuka feni ya baba yake. Alikumbuka mlio wa miluzi. Alikumbuka Daktari akiuliza, inapata joto, na yeye akijibu kama mtu mwenye akili. Kila jioni kwa miezi saba alirudi na kuikuta laptop imefunuliwa, safi, haina hata uzi mmoja juu yake, na mama yake akisema, nimeshakupangusia.

Alichukua vigurudumu vinne vya uzi kutoka kwenye boksi la kushonea, akainyanyua mashine na kuvipanga chini yake, kimoja kila pembe, hewa ipite. Akafungua dirisha lote. Kisha akachukua jarida la mitindo na kuanza kuipepea.

Mama aliinua kichwa.

"Umerudi? Mbona umekitoa? Si unaona nyuzi zinavyoruka, zitaingia."

"Acha ziingie, Mama."

"Ziingie? Kitu cha laki saba?"

"Ikifanya kazi inataka hewa." Hakuacha kupepea. "Hata wewe huwezi kushona umejifunika blanketi."

Mama alitoa mguu kwenye kikanyagio. Cherehani ikanyamaza. Saa nne na nusu, kioo kiliandika. Saa tatu na dakika kumi. Saa mbili kasoro. Binti alikuwa anasoma moyoni, lakini midomo yake ilikuwa inacheza, na Mama, ambaye hakuweza kuona namba, aliona midomo.

"Inashuka?"

"Inashuka."

"Kwa sababu umeifunua."

Binti alibadilisha mkono, akaendelea kupepea.

"Na ile ya baba yako?"

"Ile ilikuwa imezeeka."

"Nilikuwa naifunika vilevile. Tangu tulipobaki na chumba hiki kimoja. Ukienda kazini naifunika, ukikaribia kurudi naifunua, uikute safi."

"Ilikuwa imezeeka, Mama. Daktari mwenyewe alisema."

"Usinidanganye," Mama alisema taratibu. "Mimi sioni. Nasikia."

Alinyoosha mkono, na binti akampa kitambaa. Alikikunja mara mbili, mara nne, akakiweka mapajani na mikono juu yake. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kufanya, alichukua gazeti, akavuta kiti upande wa pili wa meza, akaanza kupepea naye. Walipepea hivyo kwa zaidi ya saa nzima, kila mmoja upande wake, kama watu wanaomwuguza mgonjwa.

Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini video ilitoka. Binti alikimbia. Bosi wa studio alikuwa ameshika kufuli aliposikia hatua zake. Moyoni, Bosi alikuwa ametumaini asije, maana kijana mmoja alikuwa amemwahidi bei nafuu zaidi, na kumfukuza yatima si kazi ya kupendeza. Aliitazama saa, akatazama kadi, akaipokea.

"Unaona? Mkiamua mnaweza," alisema. "Jumamosi kuna nyingine."

* * *

Baada ya malipo ya kazi ile Mama alisema anataka kwenda kwa Daktari. Binti aliuliza kufanya nini. Kuangalia tu, Mama alisema, na akabeba mkoba.

Hawakuhitaji kuuliza. Laptop ya zamani ilikuwa kwenye kioo cha mbele cha duka, imefunguliwa, inawaka, mawingu ya rangi yakitembea juu yake. Karatasi iliyobandikwa pembeni ilisema: ina kasi, haina tatizo, laki mbili na nusu.

Daktari aliwaona wakiingia na kwa dakika moja hakujua aweke wapi mikono. Kisha akaamua kuongea kama fundi.

"Kumbe haikuwa na ubaya, mama. Hata mimi sikutegemea. Nilipofungua nimekuta imejaa nyuzi, feni ya ndani haizunguki vizuri. Nyuzi nyeupe za pamba, nyingi hizi. Nikapuliza, basi, imekuwa mpya."

"Nyeupe," Mama alisema.

"Nyeupe tupu. Mlikuwa mnaiweka juu ya pamba?"

"Juu yake," Mama alisema. "Si chini."

Mtaani kwao nyuzi za sare zilikuwa za bluu. Nyeupe kilikuwa kitambaa chake cha kufuma. Binti aligeuka akatazama nje.

Laki mbili na nusu hawakuwa nazo. Na hata wangekuwa nazo, wangekuwa wanarudisha nini? Mama aliisogelea laptop mpaka kioo chake kikapata ukungu wa pumzi yake. Aliweka kidole juu ya vibonye, akatafuta, akapata pale palipokuwa laini, pasipo na herufi.

"Jioni ukifunga duka unaifunika na nini?" aliuliza.

"Sifuniki, mama. Naizima tu."

Mama alifungua mkoba. Alitoa kitambaa kidogo, cheupe, kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kilikuwa kile cha zamani, alichokifuma wakati macho yake bado mazima, pembe zote nne sawa. Alikiweka kaunta.

"Atakayeinunua mpe na hiki. Hiki hakina bei." Alikinyoosha kwa kiganja. "Lakini mwambie asije akafanya kosa. Ni cha kufunikia ikishazimwa. Ikiwa inafanya kazi, aiache wazi."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau, mama."

Aliufunga mkoba, akarekebisha miwani ya mumewe masikioni, akaelekea mlangoni. Nje jua lilikuwa kali, na kati ya giza la duka na mwanga wa barabara hakukuwa na mpaka wowote machoni pake. Binti alimshika kiwiko.

"Kuna ngazi, Mama."

"Naiona," Mama alisema, huku akiitafuta kwa mguu.